Maporomoko ya maji kwa kamera ya kawaida: kivuli ndiyo filta yangu

Kila anayeniuliza namna ya kupata yale maji laini kama pamba huwa tayari ameshashauriwa kununua filta nyeusi, kioo cha kuvisha lenzi ili kipunguze mwanga, na stendi ya bei mbaya. Mimi humuuliza kwanza: ulikwenda saa ngapi? Karibu wote hujibu saa sita, saa saba mchana.

Shida iko hapo. Kwenye jua kali, ukiweka ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na tundu la lenzi f/16 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), shata, yaani pazia la kamera, inafunguka kwa takriban 1/100 ya sekunde tu, na maji yanaganda hewani. Ukitaka nusu sekunde, mwanga utakuwa umezidi mara 50 na picha yote itaungua. Lakini ndani ya kivuli kizito cha msitu, mawingu yakiwa yametanda, mpangilio huohuo unakupa robo sekunde, pengine hata sekunde nzima, bila filta yoyote.

Hili nimelifanyia kazi sana Kinukamori, pale Marangu, chini ya Kilimanjaro. Napenda kwenda wakati wa kipupwe: masika yameshapita, maji hayana tope, na mawingu hukaa mlimani siku nzima. Kamera yangu ni ile ya lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo kwenye boksi. Badala ya stendi nabeba mfuko wa maharage, kilo mbili. Nauweka juu ya jiwe, naikandamiza kamera mpaka itulie, kisha natumia taima ya sekunde 2 ili kidole changu kisiitikise.

Siku moja nilipiga mkao uleule kwa kasi tofauti. Kwenye 1/15 maji hayakuganda wala hayakulainika, yalikuwa kama kosa. Sekunde 2 zikayageuza shuka jeupe lisilo na kitu ndani, na mmea wa pembeni uliokuwa ukitikiswa na upepo wa maji ukawa doa la kijani. Robo sekunde ndiyo iliyonipa picha: uzi mmoja mmoja ulionekana, na pale maji yalipogonga jiwe uliona kabisa yanavyopasuka pande mbili na kuungana tena chini. Maji yana umbo, na ukiyapa muda mrefu kupita kiasi unalifuta.

Umbali nao una kauli. Maporomoko ya Thomson, Nyahururu, Kenya, yana urefu wa mita 74, na watu wengi huyapiga wakiwa juu, ng'ambo ya bonde. Kutoka mbali hivyo maji husogea kidogo tu ndani ya fremu, kwa hiyo robo sekunde iliyotosha Marangu huko haitoshi. Anzia sekunde moja.

Halafu usidanganywe na kamera. Ikiona msitu mweusi huongeza mwanga, na weupe wa maji unaungua, haurudi tena. Punguza mwanga kwa stopu moja, yaani kwa nusu, ukague weupe kwa kukuza picha kwenye kioo cha kamera. Na f/22 iache: lenzi hizi hupoteza ukali hapo.

Ukipata pesa ya filta moja tu, chukua poleraiza, filta ya kukata mng'ao. Inaondoa mng'ao kwenye majani na mawe yaliyolowa, na inakula stopu moja au mbili za mwanga, jambo ambalo hapa unalitaka.

Jua likikukuta hukohuko, au una simu isiyokuruhusu kubadili tundu, piga fremu 16 mfululizo bila kusogea hata kidogo. Nyumbani zipange kama tabaka kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha: ya chini ionekane kwa asilimia 100, ya pili 50, ya tatu 33, ya nne 25, na kuendelea. Maji yanalainika, mawe yanabaki makali.

Manyunyu ndiyo yanayoharibu picha nyingi kuliko yote haya. Tone moja kwenye kioo cha lenzi huonekana kama ukungu ukishafika nyumbani. Beba kitambaa kikavu cha pamba mfuko wa shati, futa lenzi kabla ya kila picha, kisha ikinge kwa kiganja na ukiondoe taima inapokaribia kuisha.