Kura ya wingi maalumu: hesabu inayozigawa Ujerumani na Poland

Sheria nyingi za Umoja wa Ulaya hupitishwa na Baraza la mawaziri wa nchi wanachama kwa kura ya wingi maalumu. Pendekezo la Kamisheni ya Ulaya hupita likitimiza masharti mawili kwa pamoja: liungwe mkono na asilimia 55 ya nchi, yaani nchi 15 kati ya 27 za sasa, na nchi hizo ziwe na angalau asilimia 65 ya watu wote wa Umoja. Nchi isiyounga mkono wala kupinga haihesabiwi upande wa ndiyo, kwa hiyo kimya chake kina uzito uleule wa kupinga.

Kuzuia kwa kigezo cha watu nako kuna hesabu yake. Wapingaji wawe na zaidi ya asilimia 35 ya watu, na wasipungue nchi nne. Ujerumani, yenye watu karibu milioni 83, ikishikana na Ufaransa na Italia zinavuka asilimia 45. Kilichobaki ni kumpata wa nne, hata akiwa Malta. Poland ina watu karibu milioni 37, kama asilimia 8. Ikiungana na Hungary, Czech na Slovakia, majirani iliozoea kushauriana nao, nchi nne zinatimia lakini watu hawafiki asilimia 15. Hata Ujerumani ikijiunga nazo, 35 haifikiwi. Mwezi Mei 2024 Poland na Hungary zilipinga sheria mpya za wahamiaji na hifadhi, zikapita.

Zamani haikuwa hivyo. Mkataba wa Nice, uliotiwa saini 2001, uliipa Ujerumani kura 29 na Poland 27, pengo dogo mno ukilinganisha idadi ya watu wao. Ndiyo maana Poland iliupigania. Katika mkutano wa Brussels wa Juni 2007, ulioongozwa na Angela Merkel, Kansela wa Ujerumani wakati huo, Poland ilitaka uzito wa kila nchi utokane na kipeuo cha pili cha idadi ya watu. Kipeuo cha 82 ni kama 9, cha 38 ni 6 na kidogo. Ujerumani ingeizidi Poland mara moja na nusu badala ya zaidi ya mara mbili. Hesabu hiyo ina msingi, kwani Lionel Penrose aliieleza tangu 1946 kama njia ya kumpa kila raia, wa nchi kubwa au ndogo, nguvu inayokaribiana. Lakini Waziri Mkuu Jarosław Kaczyński wa Poland aliongeza kwamba bila Vita vya Pili vya Dunia Poland ingekuwa na watu milioni 66, na mjadala ukahamia kwenye makaburi. Poland ilichoambulia ni muda: utaratibu mpya wa asilimia 55 na 65 ulianza Novemba 2014, na hadi Machi 2017 nchi yoyote iliweza kudai kura ihesabiwe kwa njia ya Nice.

Kodi, sera ya nje na kupokea wanachama wapya bado vinahitaji kauli moja ya wote. Mei 2023 Ujerumani na nchi nyingine nane ziliunda kundi la kutaka wingi maalumu utumike zaidi katika sera ya nje. Poland haikuwamo. Hofu yake ina sababu: Ujerumani iliunga mkono ujenzi wa bomba la gesi la Nord Stream kutoka Urusi huku Poland ikipinga. Zaidi ya hapo, kuacha kauli moja katika sera ya nje kwenyewe kunahitaji kauli moja ya viongozi wote, na masuala ya kijeshi hayaguswi.

Hata hivyo turufu hiyo, ya nchi moja kuweza kuzuia uamuzi wa wote, inaiumiza Poland pia. Inataka Ukraine iingie, na Hungary imeitumia turufu kuweka vizuizi. Desemba 2023 Viktor Orbán, Waziri Mkuu wa Hungary wakati huo, ilibidi atoke ukumbini ndipo wenzake 26 wakaamua kufungua mazungumzo ya Ukraine kujiunga. Njia ninayoiona ya busara ni kubakiza kauli moja mwanzoni na mwishoni mwa safari ya uanachama, na hatua za katikati, kama kufungua sura (mada) moja ya mazungumzo, ziamuliwe kwa wingi maalumu.