Mnazi Mmoja ipi? Dhana potofu kuhusu majina kwenye hifadhi ya kompyuta

Mwambie mwenzako mkutane Mnazi Mmoja, wewe uko Lindi na yeye yuko Dar es Salaam. Wote mtafika, na hamtaonana. Jina mnalo, mlichokosa ni muktadha. Hifadhi za kompyuta ziko hivyo hivyo.

Dhana: "Nimeziweka kwenye folda ya Newala."
Kwenye hifadhi ya kawaida ya Amazon S3, huduma ya kutunza mafaili mtandaoni, hakuna folda. stakabadhi/Newala/0117.jpg ni jina moja refu, na linaruhusiwa kufika baiti 1,024. Mkwaju (/) ni alama tu kama herufi nyingine. Folda unayoiona imechorwa na skrini.

Hili limetutesa hapa Mtwara. Msimu uliopita tulitafuta picha za stakabadhi za korosho za chama kimoja cha msingi, tukapata nusu. Nusu nyingine ilikuwa chini ya "newala", kwa n ndogo, na kwa mfumo hayo ni majina mawili yasiyojuana. Mzee mmoja alikaa kwenye benchi letu siku mbili akisubiri tuione karatasi ya magunia yake. Sitaki limpate mkulima mwingine.

Dhana: "Basi badilisha jina tu."
Katika hifadhi hiyo hubadilishi jina: kitu kinanakiliwa kwa jina jipya, kisha cha zamani kinafutwa. Picha elfu kumi ni nakala elfu kumi, na kazi ikikatika njiani unabaki na nusu huku, nusu kule. Ndiyo maana nasisitiza: jina libebe kisichobadilika, yaani namba ya stakabadhi. Ghala, kijiji na mwenye mzigo viandikwe kwenye jedwali la pembeni, ambako kusahihisha ni kugusa mstari mmoja.

Dhana: "Nikifuta jina, kitu kimekwisha."
Inategemea mfumo. PS-algol, lugha iliyobuniwa Scotland miaka ya 1980, ilihifadhi kitu mradi kuna njia ya kukifikia kutoka kwenye mzizi, yaani mahali pa kuanzia ambapo mfumo unapajua daima. Ukiondoa jina moja huku lingine bado linakishika, kipo. S3 haikupi kinga hiyo. Kinachookoa ni utunzaji wa matoleo (kwa Kiingereza, versioning), ambapo kufuta kunaweka alama tu juu ya kilichopo. Ila hauji ukiwa umewashwa. Uwashe kabla ya mnada wa kwanza wa korosho.