Simu Kutomjua Chawa Jani Hakumfanyi Awe Spishi Mpya

Mvua zikianza tu huku Tanga, simu yangu hujaa picha za chawa jani, wale wadudu wadogo warukao wanaonyonya utomvu wa mimea. Zinatoka Muheza, Pangani, Korogwe, na ujumbe wake ni ule ule: "Mwalimu, programu ya simu ya kutambua wadudu imeshindwa kumtambua huyu. Tumepata spishi mpya!" Nafurahi kwamba watu wanainama kumtazama mdudu wa milimita tatu. Lakini hitimisho hilo si sahihi, na kumjibu mtu mmoja mmoja kumenichosha. Leo najibu wote.

Programu ya simu inajua picha ilizolishwa, basi. Familia ya chawa jani, Cicadellidae, ina spishi zaidi ya 20,000 ambazo tayari zina majina, na nyingi hazijawahi kupigwa picha zikiwa hai. Zimo kwenye droo za makumbusho ya Ulaya, zimechomwa pini, na maelezo yake yamechapishwa kwa Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza katika majarida ambayo hata mimi huyapata kwa taabu. Nephotettix modulatus, chawa jani wa mpunga, alipewa jina mwaka 1912, enzi za Wajerumani hapa kwetu. Mdudu anaweza kuwa na jina kabla babu yako hajazaliwa na simu yako isiwe na habari naye. Programu ikinyamaza, maana yake ni kwamba imenyamaza.

Halafu kuna rangi, na hapa ndipo ninapokereka hasa. Watu wananitumia wadudu wawili wa kijani, mmoja ana ncha nyeusi za mabawa na mwingine hana, wakiuliza ni spishi ngapi. Kwa Nephotettix huyo mwenye ncha nyeusi ni dume na mwenzake ni jike; ni mume na mke, ndugu zangu. Ukubwa wa madoa meusi unatofautiana kati ya mdudu na mdudu wa spishi ile ile. Kijani chenyewe hakidumu: mtumbukize kwenye spiriti na baada ya muda utamkuta wa manjano. Sisemi rangi haina kazi. Madoa mawili ya mviringo, meusi, juu ya utosi wa mdudu mdogo wa manjano aliyekamatwa kwenye mahindi yananielekeza kwenye jenasi Cicadulina, kama vile safu za miiba kwenye goko la mguu wa nyuma zinavyoniambia kwamba nimeshika chawa jani na si mdudu mwingine. Ila hapo nimefika kwenye jenasi tu. Jina la spishi halisomeki mgongoni.

Linasomeka ndani ya dume. Fumbatio linakatwa, linawekwa kwenye myeyusho wa potasiamu haidroksaidi wa asilimia 10, linapashwa moto taratibu mpaka nyama iyeyuke na gamba libaki. Linasuuzwa, linahamishiwa kwenye gliserini, kisha unaligeuza chini ya hadubini utazame viungo vya uzazi: pigofa, bamba za chini, stili mbili, kiunganishi, na katikati yao edeagasi, yaani uume wake. Unachora kwa ubavu, unachora kwa nyuma. Ukimaliza, vipande vyote vinaingia kwenye kichupa kidogo cha gliserini kinachochomwa kwenye pini ile ile ya mwenyewe, kwa sababu fumbatio likipotezana na mwili wake kazi yote imekufa. Jike peke yake, kwa jenasi nyingi, sina la kumwambia. Wengi hawapendi kusikia hivyo, lakini jike mzuri mwenye picha nzuri bado ni jike ambaye hana jina mpaka apatikane dume wake.

Basi edeagasi ikiwa tofauti, ni spishi mpya? Vitabu vya kufundishia hujibu ndiyo na kugeuza ukurasa. Hoja ya zamani, ya Mfaransa Léon Dufour tangu 1844, ni kwamba viungo vya dume na jike vinaingiana kama ufunguo na kufuli, kwa hiyo umbo jingine ni spishi nyingine. Kwa kazi ya kila siku hoja hiyo inatufikisha mbali. Lakini katika miaka ya 1950 Mjerumani H. J. Müller aliwafuga chawa jani wa jenasi Euscelis, wengine kwenye mwanga wa siku fupi, wengine wa siku ndefu, na edeagasi zikatoka na maumbo tofauti. Majina yaliyokuwa yakihesabiwa kuwa spishi mbalimbali yakageuka vizazi vya misimu tofauti vya mdudu mmoja. Tangu niliposoma kazi hiyo, siamini tofauti ya edeagasi iliyopimwa kwa dume mmoja. Hapa kwetu, nyuzi 5 kusini mwa ikweta, urefu wa siku haubadiliki sana, lakini masika na kiangazi hubadilisha kila jani analonyonya. Nataka madume wa misimu yote miwili, kutoka zaidi ya shamba moja.

Tena kuna vimelea. Tunutu, yaani chawa jani mchanga, akiliwa kwa ndani na buu la nzi wa familia ya Pipunculidae au la nyigu wa Dryinidae, anaweza kukua na viungo vya uzazi vilivyodumaa au kupinda. Ukimpasua bila kujua, utachora ulemavu na kuupa jina la Kilatini. Kabla ya kuchora mimi hutafuta kwanza kama kuna buu tumboni.

Hata edeagasi zikifanana kabisa, umbo halijasema yote. Mfano bora ulipatikana mkoani kwetu. H. H. Storey, aliyefanya kazi kituo cha Amani kule Usambara Mashariki, alichapisha mwaka 1932 kwamba baadhi ya Cicadulina mbila wanaambukiza virusi vya milia ya mahindi na wengine hawawezi, na kwamba uwezo huo unarithiwa. Ni spishi moja, wanazaana bila tatizo, ila mmoja anaharibu shamba na mwenzake hapana. Akaonyesha pia kwamba ukitoboa utumbo wa asiyeweza kwa sindano nyembamba, anakuwa mwambukizaji. Kwa hiyo ukiniambia "huyu lazima awe spishi nyingine kwa sababu mahindi ya jirani hayana milia," nitakutajia Amani.

Wadudu wenyewe hawatumii hadubini kuchaguana. Dume hutetemesha fumbatio, mtetemo unapita kwenye shina, na jike humjibu kupitia shina hilo hilo. Sikio letu halisikii kitu. Huenda spishi mbili zinazoimba tofauti ziko kwenye kichupa kimoja mezani kwangu zikiwa na jina moja. Hilo linanisumbua kuliko swali la DNA, ambalo nalo nitasema kwa kifupi: lina msaada mkubwa, hasa kuunganisha jike na dume wake na tunutu na mzazi wake, lakini jina limefungwa kwenye mdudu wa pini wa miaka mingi iliyopita, na huyo bado analinganishwa kwa umbo.

Kuhusu jina, mjue kwamba kanuni za kimataifa za majina ya wanyama hazithibitishi kama spishi ni ya kweli. Zinadai maelezo yanayoitofautisha, holotaipu (yule mdudu mmoja ambaye jina limefungwa kwake) iliyotajwa waziwazi, mahali inapotunzwa, na uchapishaji unaokubalika. Ukichapisha kwa njia ya elektroniki, tangu 2012 lazima kazi isajiliwe ZooBank, daftari la mtandaoni la majina ya wanyama. Jina lililotangazwa kwenye kundi la WhatsApp si jina, hata likipendwa na watu mia.

Kwa hiyo usinitumie picha peke yake. Pitisha wavu kwenye nyasi hizo hizo mara nyingi, weka wadudu wote ulionasa kwenye spiriti, madume na majike pamoja, na usichague wanaopendeza. Ndani ya chupa tia karatasi iliyoandikwa kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu ya kawaida unayeyuka: mahali, tarehe, mmea, jina la mkamataji. Mmea ukiwa huujui, kata tawi lenye ua, likaushe ndani ya gazeti, ulilete pamoja na chupa.