Gumba Likikimbia, Mabega Husimama

Mwanafunzi wangu mmoja wa Kondele, hapa Kisumu, alinitumia video Jumapili usiku. Sekunde ishirini na mbili, yeye na besi yake, gitaa la sauti za chini, wamekaa kitandani, metronomu, kifaa cha kuhesabia mapigo, inalia mapigo 140 kwa dakika, na gumba lake linachapa noti nne katika kila pigo bila kukosa hata moja. Ameihangaikia tangu Januari. Chini yake ameandika: "Mwalimu, nifanyeje nifike 160?"

Nimeitazama mara tatu. Mkono ni mzuri. Gumba linarudi lenyewe baada ya kugonga uzi, kiwiko hakijakakamaa, na hilo peke yake huwachukua wengi mwaka mzima. Lakini baada ya kuitazama mara tatu sikuweza kuimba hata kipande kimoja cha alichopiga. Jibu lake ni refu kuliko WhatsApp, kwa hiyo naliandika hapa, na wengine wanaoniuliza swali hilohilo walisome.

Kwa wasiopiga besi: slapu, mtindo anaoupiga kijana huyu, ni kuchapa. Gumba linagonga uzi mnene pale shingo ya gitaa inapoishia, uzi unajibamiza kwenye freti, vile vijiti vya chuma vilivyolazwa shingoni, na kutoa mlio mkali kabla ya noti yenyewe. Kisha kidole cha shahada kinaingia chini ya uzi mwembamba, kinauvuta na kuuachia ghafla. Gumba linatoa "du", kidole kinatoa "pa". Ukisikiliza vizuri, umeshasikia ngoma mbili.

Na ndivyo mtindo huu ulivyozaliwa. Wapiga besi kubwa ya kusimama wa New Orleans walikuwa wakichapa nyuzi miongo mingi kabla, lakini kwenye besi ya umeme jina linalotajwa ni Larry Graham. Miaka ya 1960 huko California alikuwa akipiga kwenye kumbi pamoja na mama yake, Dell, aliyeimba na kupiga piano. Ogani iliyowapa sauti za chini iliharibika, kijana akakodi besi ili wasogeze siku. Baadaye wakabaki bila mpiga dramu. Hapo Graham akaanza kugonga kwa gumba ili kuziba pengo la ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu, na kuvuta kwa kidole ili kuziba pengo la sinea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali. Mwishoni mwa 1969, akiwa na bendi ya Sly and the Family Stone, dunia nzima ikasikia alichokuwa akikifanya.

Nawasimulia wanafunzi wangu habari hii kila mara, kwa sababu inaeleza kazi ya gumba. Graham alikuwa na mama anayeimba, ukumbi wenye watu wanaotaka kucheza, na kiti cha mpiga dramu kisicho na mtu. Alichokitafuta ni pigo la kuwashika watu wale.

Sisi wa ukanda huu wa ziwa hatukuhitaji kulipata jambo hilo kutoka California. Nimekaa karibu na mpiga nyatiti, kinubi cha Waluo, katika matanga kule Siaya, karibu kiasi cha kuona vidole. Nyatiti ina nyuzi nane, nne za mkono huu na nne za mkono huu. Lakini macho yangu yalikuwa mguuni. Kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia mzee alikuwa amevaa pete nzito ya chuma, ile inayoitwa oduong'o, na kwa pete hiyo alikuwa akigonga mti wa chini wa chombo chake. Kengele alizofunga mguuni, gara, zikawa zinaitikia. Mtu mmoja, sauti moja, ngoma moja, nyuzi nane. Kwa muda wa saa nzima pete ile haikubadilika. Vidole viliongeza kasi pale tu alipomaliza ubeti na kunyamaza, vikakimbia kidogo, halafu alipofungua mdomo tena vikarudi chini ya maneno. Sikuwahi kufundishwa slapu vizuri kuliko usiku ule, na hapakuwa na besi hata moja uwanjani.

Sasa turudi kwenye 160. Uzi mnene wa besi, ule wa E, hutetema takriban mara 41 kwa sekunde. Kwenye mapigo 140, ukipiga noti nne kila pigo, unapiga noti tisa na zaidi kwa sekunde. Gawanya uone: kila noti inapata mitetemo minne na kitu. Kwenye 160 haifiki hata minne. Sikio bado litaitambua noti, maana kuna sauti za juu zinazoambatana nayo, lakini ule uzito unaosukuma kifua haujapata muda wa kusimama kabla hujaukata na noti nyingine. Kinachobaki ni mlio wa chuma. Umenunua chombo cha sauti ya chini, ukakitumia kutoa sauti ya juu.

Simu zetu ndizo zinazotuficha jambo hili. Spika ya simu haiwezi kutoa mitetemo 41. Inachoweza ni ule mlio wa uzi kugonga freti. Kwa hiyo video ya slapu ya kasi husikika vizuri sana kwenye simu, na mtu anayepiga noti moja nene kwa utulivu husikika kama hapigi kitu. Kijana anayejifunza kwa simu, anajirekodi kwa simu na kusifiwa na watu wenye simu atakimbilia mbio tu, na mimi simlaumu. Anafuata anachokisikia.

Mpeleke basi kwenye jengo. Kuna kanisa moja Nyalenda ambako nimepiga mara nyingi: paa la mabati bila dari, sakafu ya saruji, madirisha madogo. Piga kofi moja humo ndani na mwangwi wake utaendelea kwa zaidi ya sekunde. Maana yake, ukipiga noti tisa kwa sekunde, ya kwanza bado inazunguka mabatini wakati ya tisa inaingia. Kwaya iliyo mbele yako haisikii noti tisa, inasikia mngurumo. Mama wa safu ya nyuma hajui lini apige makofi. Na mvua ikianza juu ya yale mabati, ni noti ndefu chache tu zitakazovuka.

Ndiyo maana nafundisha mkono wa kushoto kwanza, ingawa hakuna mtu aliyewahi kunitumia video ya mkono wake wa kushoto. Gumba la kulia huanzisha noti. Kuimaliza ni kazi ya kushoto, na muziki wa slapu uko hapo, katika kuamua noti ife lini. Chukua noti ya G, freti ya tatu kwenye uzi mnene. Igonge, iache iimbe nusu ya pigo, kisha legeza kidole bila kukiondoa kwenye uzi. Nusu inayofuata ni kimya. Rudia. Wengi wanapojaribu mara ya kwanza hukiinua kidole kabisa, na uzi mtupu unaanza kuvuma chini ya noti inayofuata. Wengine huulegeza kwa kidole kimoja kwenye freti ya tano au ya saba, na badala ya kimya wanapata mlio mwembamba kama filimbi, kwa sababu hizo ni sehemu ambazo uzi hujigawa na kuimba kwa sauti ya juu. Dawa yake ni vidole viwili au vitatu vilale pamoja, vikigusa tu. Nyuzi usizozipiga nazo zinataka mlinzi, la sivyo zitavuma zenyewe kila unapogonga ya jirani.

Ukishaweza kulaza vidole hivyo, gonga kwa gumba juu ya uzi ulionyamazishwa. Utapata "tk" isiyo na noti. Mimi naziita noti bubu. Hizi ndizo zinazofanya slapu ya polepole isikike kama inakimbia: noti mbili za kweli na bubu mbili katika pigo moja, na msikilizaji anahisi mwendo bila kumwagiwa noti. Ni kazi ileile ya gara mguuni pa mpiga nyatiti. Nikilazimishwa kufundisha jambo moja tu maisha yangu yote, nitachagua noti bubu.

Nayasema haya kwa sababu niliwahi kuyakosa mbele ya watu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, tumealikwa kupiga kwenye harusi karibu na Kakamega. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya slapu kwa miezi sita na nilitaka yaonekane. Wimbo wa tatu ulikuwa umeshika vizuri, watu wamejaa mbele, na mtu aliyekulia upande ule hucheza kwa mabega. Ukiwa jukwaani unaona safu nzima ya mabega ikipanda na kushuka. Nikaona nafasi yangu. Nikaingia na gumba kwa kasi yote niliyokuwa nayo, mizunguko minne, minane, nikiangalia shingo ya besi. Nilipoinua macho mabega yalikuwa yamesimama. Watu hawakukasirika. Walinitazama kwa heshima, wengine wamenyoosha simu juu, na hakuna aliyekuwa anacheza. Mpiga gitaa akanisogelea sikioni: "Kaka, rudi kwenye moja," yaani pigo la kwanza. Nikarudi, lakini haikushika tena. Baada yetu kikundi cha isukuti, ngoma za Waluhya, kikaingia na ngoma zake tatu, kubwa, ya kati na ndogo, kila moja katika nafasi yake bila kuingia ya mwenzake, na ndani ya dakika moja bibi harusi mwenyewe alikuwa katikati. Nilikaa pembeni na besi yangu mapajani nikihesabu mahali ngoma ile kubwa ilipokuwa inanyamaza.

Msinielewe vibaya. Sitoi ile methali ya haraka na baraka, kwa sababu kwa besi si kweli. Kasi ni mali. Mtu asiyeweza kupiga 140 atapiga 100 akiwa amekaza misuli, na misuli iliyokaza husikika. Mark King, mpiga besi wa bendi ya Level 42, alijenga nyimbo nzima juu ya noti za haraka za gumba, na watu walizicheza, kwa sababu nyingi kati ya zile noti ni bubu na zile za kweli zimesimama mahali pa ngoma. Mpiga besi mwingine, Victor Wooten, hupiga gumba likishuka na likipanda, kama mtu anayepiga gitaa kwa kipande cha plastiki, na bado unaweza kuimba alichopiga. Lakini mpiga besi ninayemsikiliza zaidi kuliko wote ni Marcus Miller. Gumba lake lina nguvu za kutosha kujaza kila pengo, na mara nyingi anaacha pengo lilivyo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Mwafrika mwenzetu, Bakithi Kumalo wa Afrika Kusini, katika wimbo mmoja wa mwimbaji wa Marekani Paul Simon, wa mwaka 1986. Bendi nzima inasimama, besi inaporomoka peke yake, kisha bendi inarudi. Ni sekunde chache mno. Nusu ya pili ya kipande kile ni nusu ya kwanza iliyogeuzwa studio, ikachezwa kinyumenyume. Watu wasiojua besi ni nini wanakikumbuka mpaka leo. Kingewekwa katikati ya wimbo wote, chini ya gitaa na tarumbeta, nani angekisikia?

Kwa hiyo, kijana wangu wa Kondele, hivi ndivyo tutakavyofanya. Wiki hii metronomu iko kwenye 72. Gumba peke yake, G ileile ya freti ya tatu, dakika kumi kila siku: nusu ya pigo sauti, nusu kimya. Siku ya tatu ongeza bubu. Siku ya tano ongeza kidole kwenye pigo la pili na la nne, mahali sinea ingekuwa. Simu usiiweke kitandani. Iweke nje ya mlango, uufunge, kisha usikilize kilichovuka ukuta. Na kabla ya kupiga chochote, kiimbe kwa mdomo. Kama huwezi kukiimba, usikipige bado.

Ile 140 yako hatuitupi. Wimbo wa kwaya mnaoutayarisha uko kwenye 93. Ukipiga noti sita katika kila pigo kwenye 93, gumba linakwenda kasi ileile uliyonitumia Jumapili. Utaipiga mara moja, mizunguko miwili, kabla ya kiitikio cha mwisho, pale waimbaji wanapovuta pumzi. Mazoezi ni Ijumaa saa kumi na moja jioni, na mpiga dramu nimeshamwambia anyamaze hapo.