"Mtandao haupo" si maelezo: jinsi data inavyosafiri

Tangu minada ya korosho ianze, simu ya kitengo chetu cha TEHAMA hapa Mtwara haipumziki. Masasi, Newala, Tandahimba, kote lalamiko ni lile lile: "Mtandao haupo." Tunawaelewa, maana mnada siku hizi uko kwenye skrini na mkulima anasubiri bei. Ila maneno hayo mawili hayamsaidii fundi. Haupo wapi?

Chukua picha ya risiti ya ghala yenye MB 3. Haisafiri ikiwa nzima. Simu huikata vipande viitwavyo pakiti, kila kimoja kikiwa na takriban baiti 1,500, hivyo picha hiyo moja ni pakiti zaidi ya 2,000. Itifaki ya IP, yaani kanuni za mawasiliano ya mtandao, huandika juu ya kila pakiti anwani ya inakotoka na inakokwenda. Itifaki nyingine, TCP, huhesabu: upande wa pili hujibu kuwa umepokea, na iliyopotea hutumwa tena. Ndiyo maana picha huchelewa lakini haifiki na matundu. Maongezi ya sauti mtandaoni kwa kawaida hupita kwenye UDP, itifaki ambayo hairudii kilichopotea, na mwenzako huanza kusikika kama yuko ndani ya pipa.

Karibuni tuliitwa kwenye stesheneri moja karibu na stendi. Mwenye duka alikuwa ameshabadilisha ruta mara mbili, na kila ikifika saa nne asubuhi printa "inakata mtandao". Tulikuta printa imewekewa na mtu anwani ya kudumu, 192.168.1.20, huku ruta nayo ikigawa anwani hiyo hiyo kwa laptopu ya kijana anayeingia kazini muda huo. Vifaa viwili, anwani moja, nyumba moja. Tuliibadilisha ya printa, dakika tano. Ruta mbili zilikuwa zimebadilishwa bure.

Na tafadhali, msituletee tena taarifa kwamba mtu wa Newala "ameiba" anwani yenu ya 192.168.1.1. Anwani za kundi hilo, zinazoanza na 192.168, ni za ndani. Kila nyumba ya mtaa wa Shangani hapa Mtwara inaweza kuwa nayo bila kugongana na ya jirani, kwa sababu haitoki nje ya ruta.

Kwa hiyo kabla ya kupiga simu, jaribu kufungua ukurasa wa ruta yako kwa kuandika anwani yake ya ndani kwenye kivinjari. Ukifunguka, njia kati yako na ruta ni nzima. Kama WhatsApp inapeleka ujumbe lakini tovuti hazifunguki, huenda tatizo ni DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba. Na kuna siku tatizo liko mbali kabisa: Mei 12, 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na huku watu walikuwa wakichomoa laini na kuzipuliza.

Lalamiko la huduma lipelekwe kwanza kwa mtoa huduma wako. Dai namba ya lalamiko, andika tarehe, saa na eneo, tunza ujumbe aliokujibu. Usiporidhika, ndipo ulipeleke TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ukiwa na vielelezo hivyo. Ukianzia TCRA utarudishwa kwa mtoa huduma, na siku zitakuwa zimepita.

Jambo la mwisho ni Wi-Fi ya jirani. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kuingia kwa makusudi kwenye mfumo wa kompyuta bila uhalali. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 3, au mara tatu ya thamani ya manufaa yaliyopatikana, kutegemea kipi ni kikubwa, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Kila shauri huamuliwa na mahakama, si sisi. Lakini kama ulishahama chumba cha kupanga na simu bado inajishika na ruta ya mwenye nyumba wa zamani, mwombe ruhusa upya au ufute mtandao huo kwenye simu leo.