Shiitake kwenye kitalu nyumba: kabla hujasema umeuziwa mbegu feki

Malalamiko kuhusu mbegu za uyoga wa shiitake yameongezeka kiasi cha kutulazimu kuandika. Karibu wote wanaotuandikia wanasema jambo moja: nimefuata maelekezo, miezi miwili imepita, uyoga hakuna, kwa hiyo mbegu ni feki. Mbegu mbovu zipo, na utaratibu wa kuzilalamikia tutaueleza. Lakini mifuko mingi ya vumbi la mbao inayofika mezani kwetu ina utando (nyuzi nyeupe za uyoga) ulio hai na wenye afya. Kilichokosekana ni subira na ubaridi.

Shiitake si uyoga mamama. Aliyezoea mamama huona vumbi la mbao limejaa utando mweupe, akadhani wakati wa kufungua umefika. Bado. Utando huo huota vinundu kama bisi, kisha hugeuka kahawia polepole mpaka uso wote uwe mgumu kama gome la mti. Tangu kupanda mbegu hadi hapo ni wiki 8 hadi 12, na aina nyingine huchukua muda mrefu zaidi, katika nyuzi joto 20 hadi 25. Katika kipindi hicho matone ya rangi ya chai hujikusanya ndani ya mfuko. Mkulima mmoja aliyaita usaha, akaipasua mifuko yake yote kwa wembe ili kuyamwaga. Alipotuletea, kila mpasuko ulikuwa umeota ukungu wa kijani. Matone yale si ugonjwa. Tumelisema hili mara nyingi na tunalisema tena: msipasue mifuko.

Sasa kitalu chenyewe. Kitalu nyumba hujengwa kunasa joto la jua, na shiitake hailihitaji joto hilo; chakula chake ni mti, si mwanga. Utando ukikaa kwenye nyuzi joto 40 kwa saa kadhaa unaweza kufa, na plastiki isiyo na kivuli hufika huko bila shida siku ya jua kali. Funika kwa neti ya kivuli juu ya plastiki, kwa nje. Neti iliyofungwa ndani huzuia mwanga, lakini joto linakuwa limeshaingia. Giza totoro nalo halifai, kwa sababu kofia zinahitaji mwanga hafifu ili zijiunde vizuri. Ukiona vikonyo virefu na kofia ndogo, hewa ukaa imezidi. Jitahidini isivuke sehemu 1,000 kwa milioni wakati wa kuzaa. Asiye na kipimo afungue matundu ya hewa na aviangalie vikonyo.

Gome likishakomaa, vua mfuko na uzamishe bonge la vumbi la mbao lililoshikana kwenye maji baridi kwa saa 12 hadi 24. Mshtuko huo ndio unaoamsha uyoga. Maji yaliyoshinda juani kwenye tangi hayaleti mshtuko wowote. Baada ya hapo unyevu hewani uwe asilimia 80 hadi 90, na joto lishuke kufuatana na aina ya mbegu. Nyingi hupenda nyuzi 12 hadi 20. Vuna ukingo wa kofia ukiwa bado umejikunja, huku umevaa barakoa, maana vumbi la spora (vijimbegu vidogo) zinazopeperuka kutoka kwenye kofia huumiza mapafu ya anayelivuta kila siku. Bonge lipumzike wiki 2 hadi 3, kisha lizamishwe tena. Na mwambieni mnunuzi aupike hadi uive kabisa: shiitake mbichi au isiyoiva huwatoa baadhi ya watu vipele vya mistari mwilini, kama waliochapwa fimbo.

Kwa wanaouza nje ya nchi: kiwango cha Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) kinaruhusu shiitake iliyokaushwa kuwa na maji yasiyozidi asilimia 13. Vumbi la mbao litoke kwenye miti migumu isiyotiwa dawa ya kuhifadhi mbao. Mabaki ya dawa yakigundulika, kinachozuiwa ni shehena, si katoni moja, na gharama za kuirudisha au kuiteketeza huwa juu ya mwenye mali. Halikadhalika mbegu zilizoagizwa bila kibali na cheti cha afya ya mimea, pale sheria inapovitaka, huweza kutaifishwa mpakani, hata kama mwenye nazo hakujua. Tunalazimika kulirudia hili kwa sababu kila juma tunapokea aliyedhani risiti ya muuzaji ni kibali.

Kuhusu malalamiko, hatuwezi kutamka kwamba mbegu ni mbovu kwa kuangalia picha peke yake. Leta angalau mifuko mitatu ya toleo moja, lebo zake zikiwa bado zimebandikwa, risiti, tarehe uliyopanda, na kumbukumbu za joto la kitaluni za asubuhi na saa nane mchana. Lebo iliyong'olewa ikaletwa mkononi haitambuliki, kwa kuwa hatuna namna ya kujua ilitoka mfuko upi. Mifuko isiwekwe kwenye jokofu wala kunyunyiziwa dawa kabla ya kuletwa. Iliyokwisha kupasuliwa haipokelewi kwa uchunguzi.