Haja si choo

Juzi Mikindani mzee mmoja alimwita kijana aliyekuwa akishona nyavu: "Mjukuu wangu, hebu njoo, nina haja nawe." Wenzake kijana wakaangua kicheko, mmoja akamwonesha mzee njia ya uani. Mkononi mzee alikuwa na stakabadhi ya korosho, alitaka asomewe kilo zake. Akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni, akanyamaza.

Haja ni jambo unalolihitaji. Basi. Limetoka Kiarabu, na ni ndugu wa tumbo moja na hitaji na mahitaji. Ndiyo maana tunasema hakuna haja ya kugombana, na hakuna anayeziba pua.

Chooni neno hili liliingia kwa adabu. Vitabu vya fiqhi, yaani sheria za dini ya Kiislamu, vina sura ya kukidhi haja, na mtoto wa madrasa hufundishwa mapema: ingia kwa mguu wa kushoto, toka kwa wa kulia, usielekee kibla, usijisaidie njiani wala kwenye kivuli wanachopumzikia watu. Kukidhi ni kutimiza. Mtu anatimiza hitaji la mwili wake, na hitaji lenyewe halitajwi. Kubwa na ndogo ni za kupambanua tu.

Neno letu la asili lilikuwepo, kunya, ambalo Wachewa na Wazulu nao wanalo. Wala halikuwa tusi. Wazee husema mvua inanya. Kunyesha limezaliwa humo, na kinyesi pia. Leo ukilitamka mbele ya wakwe umeharibu, limebaki kwenye methali ya kuku na bata. Stara ikahamia kwenye haja. Sasa haja nayo inasukumwa kule kule, na hili ndilo linaloniuma: tukishalichafua, tutajistiri kwa lipi?

Wengine huandika "haja kubwa yake ina damu". Haja haina damu wala rangi. Kinachotiwa kwenye kikopo cha maabara ni choo, maana choo ni jina la mahali na la kitu chenyewe, ndiyo maana muuguzi huuliza, "Bibi, umepata choo leo?"

Nanyi vijana wangu wa pale pwani, babu akisema ana haja nawe, itika, kisha muulize, "Haja gani, babu?" Siku ile ilikuwa kusomewa kilo za korosho.